Moteri Imezima Ghafula Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Madereva wa Goma

Maneno tunayotumia ni ya garaje za hapa: moteri ni injini, esansi ni petroli, mazutu ni dizeli, buji ni plagi, demareri ni starta, tablo ni dashibodi, karteri ni bakuli la oili chini ya moteri, kapo ni boneti, kontakti ni swichi ya ufunguo, asilerateri ni pedali ya mafuta, koili ni kifaa kinachoipa buji umeme, masi ni waya wa ardhi, bieli ni mkono unaoshika pistoni. Mifano mingi ni ya Toyota kwa sababu ndizo zimejaa barabara zetu.

## Dakika za kwanza

Moteri imezima gari likiwa linakwenda. Nifanye nini kwanza?

Usitoe ufunguo. Ukiutoa, usukani unaweza kujifunga na gari likakupeleka linakotaka. Usukani utakuwa mzito kwa sababu msaada wake umekatika, lakini bado unageuka. Ushike kwa mikono miwili. Breki nayo imebaki na pumzi ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uzito na ubaki umekanyaga, usipige-pige. Tia nyutro, sogea kando, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu (Goma jiwe halikosekani), kisha peleka pembetatu mbali ya kutosha ili lori lenye mzigo lipate nafasi ya kusimama.

Kabla hujafungua kapo, tazama tablo: taa gani zinawaka, mshale wa joto uko wapi, mshale wa esansi uko wapi. Piga picha kwa simu. Fundi atakushukuru.

Kwa nini fundi ananiuliza "ilizima namna gani"? Si afungue aone?

Kwa sababu namna ilivyozima ni nusu ya jibu. Moteri ya esansi inaishi kwa vitu vinne: hewa, esansi, cheche na mgandamizo, na vyote vifike kwa wakati wake. Kila kimoja kina namna yake ya kufa.

Cheche ikikatika, moteri inazima kama taa ya nyumbani umeme unapokwenda: mara moja, bila kukohoa. Esansi ikikatika, moteri inalalamika kwanza. Unakanyaga haipandi, inashtuka-shtuka sekunde kadhaa huku ikitumia presha iliyobaki kwenye mabomba, kisha inanyamaza. Sehemu ya ndani ikivunjika, mara nyingi utasikia mlio: kishindo, kugonga, au mkwaruzo wa chuma. Joto likizidi, nguvu inapungua pole pole, mshale unapanda, harufu inaingia ndani ya gari. Na ikizima tu ukiachia asilerateri, kwenye mzunguko wa Chukudu kwa mfano, lakini ukikanyaga inaendelea, basi tatizo ni dogo na liko kwenye njia ya hewa (tazama sehemu ya hewa).

Mweleze fundi hayo kabla hajashika ufunguo wowote. Anayebadilisha buji, kisha koili, kisha pampu bila kupima, anakula pesa yako na gari bado halijawaka.

Nijaribu kuwasha mara ngapi?

Mara tatu, kila mara isizidi sekunde 10, na upumzishe dakika moja katikati. Demareri inavuta umeme mwingi sana; ukiing'ang'ania utaichoma na batri utaimaliza, na hapo utakuwa na matatizo mawili.

Kuna hali nne ambazo hupaswi kujaribu hata mara moja: taa nyekundu ya oili iliwaka kabla moteri haijazima, ulisikia kishindo, mshale wa joto ulifika juu kabisa, au umetoka kupita kwenye maji mengi. Katika hali hizo kila mzunguko wa demareri unaongeza hasara.

Kuna tofauti gani kati ya "haizunguki" na "inazunguka haiwaki"?

Ni njia panda ya kwanza ya uchunguzi wote. Haizunguki: angalia batri, vichwa vyake, demareri, au moteri iliyokwama. Gari la otomatiki liwe kwenye P au N, vinginevyo halitazunguka hata kama ni zima. Inazunguka haiwaki: batri na demareri ni nzima, tafuta cheche, esansi au mkanda wa taimingi (unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake).

Sikiliza pia sauti. Mzunguko wa kawaida una mdundo, kwa sababu kila pistoni inagandamiza hewa kwa zamu. Ikizunguka mbio, laini, bila mdundo, kama mashine ya kushona isiyo na kitambaa, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mkanda.

## Umeme

Kila kitu kimezimika kwa pamoja, hata taa. Baada ya kugusa-gusa kikarudi. Ni nini?

Kwa barabara zetu za mawe ya lava, jambo la kwanza ni kichwa cha batri kilicholegea. Shika kila kichwa kwa mkono na ujaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, ndicho. Fungua kwa ufunguo wa 10, anza na hasi, sugua risasi na ndani ya kichwa kwa msasa hadi ing'ae, rudisha chanya kwanza, kaza. Ule unga mweupe au wa kijani ni asidi iliyokula chuma. Maji ya moto yenye soda ya kuokea yanauondoa.

Kama vichwa viko sawa, fuata waya wa masi kutoka hasi hadi kwenye bodi na kwenye moteri. Mara nyingi ng'ambo ya pili ndiko kumeoza, chini ya rangi na matope ambako hakuna anayetazama.

Taa ya batri iliwaka kwanza, gari likaendelea, kisha likazima. Batri imekufa?

Batri imemalizwa, haijafa. Alternateri iliacha kuchaji na moteri ikala akiba yote. Pima kwa multimita: batri iliyojaa, moteri imezimwa, inaonyesha volti 12.6, 12.2 ni karibu nusu. Chini ya 11.8 ni tupu. Ukishaiwasha kwa batri ya kuazima, lazima upate 13.8 hadi 14.5. Ukiona 12 na inashuka, alternateri haichaji. Angalia mkanda wake kwanza: umekatika, au umelegea na kuteleza? Kisha brashi za ndani, ambazo mafundi wetu wanabadilisha bila kununua alternateri nzima.

Usivue kichwa cha batri moteri ikiwa inawaka "kuona kama alternateri inafanya kazi". Volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari, na kompyuta ni ghali kuliko alternateri.

Inazima ikishapata moto, nikingoja nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi wa tatu sasa ameshindwa.

Ugonjwa huu unachosha watu kwa sababu gari linafika garaje likiwa limepoa na zima. Mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa. Ukipata moto unatanuka na kukatika, ukipoa unagusana tena. Bila ishara hiyo kompyuta haijui moteri iko wapi katika mzunguko wake, kwa hiyo inakata cheche na esansi kwa pamoja.

Ukiwa barabarani, moteri bado ya moto, mwambie mtu azungushe demareri huku ukitazama mshale wa mizunguko. Kwenye gari nyingi mshale huo hutikisika kidogo moteri inapozungushwa. Ukilala kabisa kwenye sifuri, sensa inashukiwa sana. Kisha pima omu za sensa ikiwa ya moto na ikiwa baridi: ikionyesha namba ukiwa baridi na kukatika kabisa ukiwa moto, umeipata. Kodi (namba za hitilafu) zinazosomwa na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ni P0335 kwa krankishafti na P0340 kwa kamshafti (mhimili unaofungua valvu), lakini kukosekana kwa kodi hakusafishi sensa.

Wa pili ni koili ya cheche, nayo huchoka kwa moto. Wa tatu ni relei ya pampu (tazama sehemu ya esansi).

Nitajuaje kama kuna cheche?

Toa buji moja, irudishe kwenye waya au koili yake, gusisha uzi wake wa chuma kwenye chuma tupu cha moteri, mtu azungushe demareri. Tafuta cheche ya buluu yenye mlio. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Chomoa kwanza fyuzi ya pampu ya esansi ili mvuke usitoke kwenye tundu la buji, shika kwa koleo lenye mpira, na usifanye hivyo ukinusa esansi popote.

Itazame na buji yenyewe. Kavu baada ya kuzungusha sana: esansi haifiki. Imelowa na inanuka: esansi ipo, cheche hakuna. Nyeusi na ya mafuta: moteri inakula oili, jambo linalojulikana sana kwa moteri za Toyota aina ya 1ZZ-FE za mwanzo.

Sina skana, na gari langu ni la zamani kutoka Japani. Nisomeje kodi?

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cheusi chini ya kapo, chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa kontakti bila kuwasha moteri, uhesabu mimemeto ya taa ya moteri kwenye tablo. Mmemeto mmoja, kituo, kisha miwili ni 12. Kodi 12 na 13 zinahusu ishara ya mizunguko. 14 inahusu cheche. Mimemeto inayofuatana bila kituo maana yake hakuna kodi. Angalia sana usikosee tundu.

Inazima nikipita kwenye mashimo tu.

Kama siyo kichwa cha batri, tikisa ufunguo kwenye tundu lake moteri ikiwa inawaka, gari limesimama. Ikizima, swichi ya kontakti imechakaa. Rundo la funguo za nyumba na kufuli za duka linaloning'inia hapo linaivuta kila shimo. Punguza funguo, badilisha swichi.

## Esansi na mazutu

Nitajuaje kama pampu ya esansi imekufa?

Zima redio, funga vioo, washa kontakti. Kwenye gari nyingi za injeksheni pampu inavuma kama sekunde mbili kisha inanyamaza. (Toyota kadhaa huiwasha wakati wa kuzungusha tu, kwa hiyo mtu asikilize kwenye tundu la tanki huku mwingine akizungusha.) Kukiwa kimya, fuata mpangilio huu: fyuzi, kisha relei, kisha pampu. Relei unaibadilisha na nyingine ya aina hiyo hiyo kwenye kisanduku, kama ya honi. Gari likiwaka, umeokoa pampu nzima.

Bado kimya? Gonga chini ya tanki kwa ngumi au kwa nyundo ya mpira huku mwenzako anazungusha. Pampu yenye brashi zilizochakaa mara nyingi huamka kwa kugongwa. Ni ya kukufikisha garaje tu. Usipange nayo safari ya Rutshuru.

Pampu inavuma lakini gari haliwaki: pima presha. Toyota nyingi za injeksheni zinahitaji karibu baa 3. Chini ya 2, filta imeziba au pampu imechoka.

Nilitia esansi ya chupa kwa Kadhafi (muuzaji wa esansi wa kando ya barabara) na baada ya kilomita mbili imezima. Ni esansi?

Huenda, lakini pima kabla ya kulaumu. Chota nusu lita kutoka chini ya tanki au kwenye bomba la filta, weka kwenye chupa angavu ya maji, iache dakika kumi bila kuitikisa. Maji ni mazito kuliko esansi, yanashuka chini na kuchora mstari unaouona wazi kabisa: juu rangi ya esansi, chini tone kubwa lisilo na rangi linaloteleza ukiinamisha chupa. Kwa kuwa pampu inavuta kutoka chini, kikombe kimoja cha maji kinatosha kusimamisha gari lenye tanki limejaa.

Mafuta ya taa hayajitengi hivyo. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na uliache kivulini. Esansi safi inakauka upesi na karatasi inabaki safi. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la grisi linalopitisha mwanga.

Ikiwa ni maji: mwaga tanki lote, badilisha filta, puliza mabomba, tia esansi safi lita 5 na uzungushe. Kuongeza esansi nzuri juu ya maji hakusaidii, maji yanabaki pale pale chini.

Gari langu ni la mazutu. Uchunguzi ni ule ule?

Cheche haipo, kwa hiyo orodha ni fupi: mazutu, hewa, mgandamizo. Lakini moteri za pampu ya kawaida kama 1HZ ya Land Cruiser zina valvu ndogo ya umeme ya kukata mazutu, juu ya pampu ya injeksheni. Waya wake ukichomoka, gari linazima kama taa na watu wanaanza kufungua injekta bure. Washa kontakti, gusisha na kuondoa waya huo: lazima usikie "tak". Kimya, pima kama umeme unafika.

Kisha legeza kibomba cha chini ya filta, utoe maji hadi mazutu safi itoke. Hewa ikiingia, legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kaza. Kwenye moteri za zamani unaweza pia kulegeza nati za mabomba ya injekta huku moteri inazungushwa. Kwenye moteri za komon reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote), kama 1KD-FTV, usifanye hivyo kamwe. Presha inapita baa 1,000 na mazutu inatoboa ngozi kama sindano. Jeraha linaonekana dogo, lakini mkono unaweza kupotea.

## Hewa, joto na oili

Inazima nikiachia asilerateri. Nikikanyaga inaendelea.

Koo la hewa limejaa masizi. Vua bomba la hewa, fungua kipepeo kwa kidole, moteri ikiwa imezimwa, na usafishe ukingo kwa dawa ya kabureta na kitambaa. Safisha pia valvu ya mwendo wa taratibu. Filta ya hewa hapa inaziba upesi kwa vumbi jeusi la lava. Ikague kila kilomita 5,000 badala ya kungoja namba ya kitabu, na uipulize kutoka ndani kwenda nje.

Ilizima mlimani ikiwa na joto. Nitie maji?

Si sasa. Usifungue kifuniko cha radiateri kabla ya dakika 30, na hata hapo tumia kitambaa kinene. Maji baridi kwenye chuma cha moto yanapasua kichwa cha moteri.

Mjini Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya moteri ni presha, na presha inashikwa na kifuniko cha radiateri. Kifuniko chenye mpira uliopasuka au springi iliyolegea kinaweza kusamehewa Matadi, mji wa chini karibu na usawa wa bahari. Ukipanda kutoka Sake kwenda Mushaki umebeba mzigo, hakisamehewi. Badilisha kifuniko kabla ya kushuku kichwa cha moteri, na chagua chenye namba ile ile, 0.9 au 1.1.

Baada ya kujaza maji na kuwasha, tazama mdomo wa radiateri. Mapovu yasiyokwisha, moshi mweupe nyuma, au oili ya rangi ya chai ya maziwa: gasketi ya kichwa imeungua. Simamisha gari hapo hapo, livutwe.

Taa ya oili iliwaka, moteri ikazima na sasa haizunguki. Imekwama?

Kwanza angalia chini. Jiwe la lava likitoboa karteri, oili inamwagika dakika chache, nawe unaona mstari mweusi barabarani nyuma yako.

Weka ufunguo wa soketi kwenye boliti ya puli ya krankishafti na ujaribu kugeuza kwa mkono, mwelekeo wa saa. Isipogeuka, vua mikanda ya nje ujaribu tena, kwa sababu kompresa ya ubaridi au alternateri iliyokwama inaweza kuzuia moteri nzima, na watu wameuziwa moteri nyingine kwa kosa hilo. Bado haigeuki: mwaga oili iliyobaki kwenye sahani safi. Chembe za rangi ya shaba zinazong'aa ni beringi za bieli zilizosagika, na moteri lazima ifunguliwe.

Nimepita kwenye maji ya mvua ikazima "tak".

Maji yameingia kwenye silinda, na maji hayagandamiziki. Usizungushe. Vua filta ya hewa; ikiwa imelowa, toa buji zote, geuza kwa mkono kwanza, kisha demareri kwa sekunde chache hadi maji yaache kuruka. Tia oili kijiko kimoja kila silinda, badilisha oili ya karteri ikiwa imechanganyika. Kama ikiwaka na inagonga, bieli imepinda.

## Mkanda wa taimingi

Nitajuaje umekatika bila kufungua kila kitu?

Fungua kifuniko cha kutilia oili, tazama ndani huku mtu anazungusha. Kamshafti isipotembea, mkanda au mnyororo umekatika.

Hasara inategemea moteri. Kwenye 3S-FE, 4A-FE na 5A-FE valvu hazigongani na pistoni: weka mkanda mpya, panga alama, washa. Kwenye moteri za mazutu, 1KZ-TE na 1HZ zikiwemo, karibu kila mara valvu zinapinda. Mikanda mingi inabadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Ukinunua gari lililotumika na hujui historia yake, badilisha bila kungoja. 1NZ-FE, 1ZZ-FE na 2AZ-FE zina mnyororo.

Fundi amepima mgandamizo akasema moteri imekwisha, namba ziko chini ya kitabu.

Muulize tofauti kati ya silinda. Kwenye mwinuko wetu hewa ni pungufu kama asilimia 15, kwa hiyo mita itasoma chini ya kitabu hata moteri ikiwa nzima. Silinda zote zikikaribiana ndani ya baa 1, moteri haijaisha. Moja ikianguka peke yake, tia oili kijiko kimoja ndani yake upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi.

## Hali zisizo za kawaida

Taa ya ufunguo inamemeta na gari linawaka sekunde moja tu kisha linazima.

Kinga ya wizi haiutambui ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba, na uondoe funguo nyingine zenye chipu karibu nao.

Moteri imezima kwenye bonde upande wa Sake, alfajiri, hakuna upepo. Nikague chini ya gari?

Usiiname, usilale chini. Ufuo wa kaskazini wa ziwa Kivu una mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo usiku na asubuhi. Inazima moto, na moteri inahitaji oksijeni kama moto wowote. Haina rangi, na inakuwa kali zaidi karibu na ardhi, pale pale ambapo kichwa cha fundi kingekuwa.

Ukiona wanyama wadogo waliokufa, au ukihema haraka bila sababu, ondoka mara moja kupanda juu na uwabebe watoto mabegani. Gari litafuatwa jua likipanda na upepo ukivuma. Likivutwa hadi mahali pa juu likawaka bila kuguswa, moteri haikuwa na ugonjwa.